Vikombe vya Kabatini

Kwetu Ujiji, tetemeko husikika kwanza kabatini:
vikombe sita vya harusi ya mama,
ambavyo havijaguswa na mdomo wa mtu,
hugongana kidogo, kama wanawake
wanaochekea viganjani msibani.
"Tokeni," mama husema, kanga i begani tayari.
Tukifika uani ardhi imeshamaliza kusema lake.
Bata tu ndio bado wanabisha.

Baba alikuwa mtu wa reli.
Alituzaa kwa stesheni:
Feruzi Kaliua, Tausi Saranda, Sikujua Isaka,
Hilali Kilosa,
nami huku, mwisho wa mataruma, mwisho wa kuzaa.

Sikujua ameolewa Bukoba.
Mwaka ule ukuta wao ulipasuka toka dari hadi sakafu,
ufa wa kupitisha mkono.
Shemeji aliuziba kwa saruji, akapaka rangi,
rangi haikufanana.
Mpaka leo mtoto wao akichora nyumba
huanza na ule ufa.

Feruzi anauza vipuri Katesh, chini ya Hanang.
Alfajiri moja mlima ulishuka dukani.
Hakusema mafuriko, alisema mlima:
matope, magogo, mawe makubwa kama ng'ombe.
Amehifadhi buti moja, la kushoto,
la jirani yake Gidahoda.
Hajui amrudishie nani.

Tausi yuko Bahi, ambako mvua ni habari ya redioni.
Hilali analima mpunga Rufiji;
mara mbili ameuvuna kwa mtumbwi,
mara ya tatu akavuna kambare.

Nasi, ziwa lilipanda.
Halikuja kwa kelele. Liliingia
kama mgeni anayeijua nyumba:
kwanza vichanja vya dagaa,
kisha mlango wa choo,
kisha mpapai wa baba, ukafa umesimama.
Kila Ijumaa naweka alama ya mkaa ukutani.
Ile ya Mfungo Sita iko chini sasa,
wanaisoma samaki.

Wanapiga simu. Hama, mama.
"Njoo Bahi."
"Kwenye ndoo moja ya maji, ugomvi siku mbili?"
"Njoo Bukoba."
"Nikalale na ufa?"
"Njoo Rufiji."
"Yaani nihame maji, niende kwenye maji?"
Feruzi alisema, "Njoo Katesh," akanyamaza.
Mama naye akanyamaza.
Simu ikaendelea kuhesabu sekunde zake.

Baba alipokufa, mto ulikuwa umeng'oa reli.
Hilali alikwama siku tatu Kilosa,
stesheni ileile aliyozaliwa,
akiangalia vyuma vinaning'inia hewani bila udongo.
Tausi alikaa na furushi lake jukwaani Bahi
kungoja treni ambayo haikutoka.
Tukamzika mtu wa reli
bila honi hata moja.

Jana nimepandisha kabati juu ya matofali manne.
Mama akavitoa vikombe, akavipuliza vumbi,
akamimina chai katika kimoja,
akanywa, akakitazama ndani.
"Vidogo," akasema.
"Miaka arobaini na mitatu natunza vitu vidogo hivi."
Akakiosha. Akakirudisha mahali pake.

Usiku vikaanza kugongana.
Tukatoka pekupeku,
maji yakatupokea vifundoni, ya uvuguvugu.
Tukasimama. Tukasubiri.
Bata walikuwa kimya.
Ndani, juu ya kabati, simu ilikuwa inatetemeka,
mwanga wake ukipanda na kushuka ukutani,
juu ya alama zangu za mkaa,
na hatukujua ni yupi kati ya wanne,
wala ni nini.